Kutazama nyota na kulala nje: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani?

Anga la usiku la kijijini ni mali ambayo watu wa mjini hawana. Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, taa za barabarani, za maduka na za magari huling'arisha anga kiasi kwamba nyota zinazobaki kuonekana ni chache. Lakini kijijini, usiku usio na mwezi wala mawingu, mtu huona nyota zaidi ya elfu moja kwa macho yake, pamoja na ule mkanda mweupe unaokatiza anga, yaani Njia Nyeupe. Hakuna anayemtoza hata shilingi.

Kwa hiyo anayeanza kutazama nyota akiwa kijijini tayari anacho kitu cha thamani kuliko vyote. Kinachobaki ni vifaa vichache, na hapo ndipo pesa hupotea. Klabu ya shule inaweza kuchangishana muhula mzima, ikanunua darubini yenye picha nzuri ya sayari kwenye boksi, na baada ya wiki mbili darubini hiyo ikalala kabatini kwa sababu kila kinachotazamwa kinatikisika na kina ukungu. Makala hii inaeleza nini cha kununua kwanza, nini kisubiri, na nini usinunue kabisa.

Anza na vitu ulivyonavyo

Kifaa cha kwanza ni macho yako, nayo yanahitaji muda. Ukitoka kwenye mwanga wa taa, macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Ukiwasha tochi nyeupe au simu yenye mwanga mkali kwa sekunde chache tu, inakubidi uanze kusubiri upya.

Mwanga mwekundu hafifu hauharibu mazoea hayo ya macho kama mwanga mweupe. Huna haja ya kununua tochi maalumu. Chukua tochi ndogo ya kawaida, funika kioo chake kwa plastiki nyekundu au kitambaa chekundu, au kipake rangi nyekundu ya kucha. Tochi ya kichwani ni bora zaidi kwa sababu inaacha mikono yote miwili huru.

Simu nayo ni kifaa kizuri. Programu ya Stellarium inapatikana bure na inaonyesha jina la nyota au sayari iliyo upande unaouelekea. Ipakue ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha punguza mwanga wa simu hadi mwisho na uwashe hali ya usiku ya programu hiyo, ambayo hugeuza kioo kuwa chekundu.

Angalia pia umri wa mwezi. Mwezi mpevu hufuta nyota nyingi kama taa ya mjini. Usiku mzuri wa nyota ni ule wa siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama. Lakini ukitaka kutazama mwezi wenyewe, subiri uwe nusu. Wakati huo vivuli kwenye mpaka wa mwanga na giza huonyesha milima na mashimo yake vizuri kuliko ukiwa mpevu.

Darubini ya kwanza iwe ya macho mawili

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua darubini ya macho mawili, ile ambayo waongoza watalii huning'iniza shingoni. Ni nyepesi, haihitaji kufungwafungwa, na hata usipotazama nyota itakusaidia kutazama ndege au kutafuta mifugo iliyopotea bondeni.

Juu yake utaona namba mbili, kama vile 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza inaeleza darubini inakuza mara ngapi. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi huangalia ya kwanza tu, lakini kwa nyota ya pili ina uzito mkubwa, kwa sababu lenzi pana hukusanya mwanga mwingi. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 hivi zaidi ya mboni hiyo.

Kwa anayeanza, 7x50 au 10x50 inatosha. Inayokuza zaidi ya mara 10 hutikisika mikononi, na nyota huanza kucheza ngoma. Epuka pia darubini za macho mawili zenye kitufe cha kuongeza na kupunguza ukuzaji. Za bei nafuu za aina hiyo huwa na picha hafifu.

Darubini iliyotumika si kitu cha kudharau, mradi uikague kabla ya kutoa pesa:

• Itikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, iache.
• Tazama ndani ya lenzi ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha, kamwe si kwenye jua. Nyuzi kama za buibui ni ukungu ulioota kwenye kioo.
• Tazama bango au nguzo ya mbali. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, au kichwa kikianza kuuma, vioo vimepinda.
• Ishike mbali na uso wako. Kwenye vipande vya kutazamia utaona viduara viwili vya mwanga. Viwe vya mviringo, visiwe na pembe.
• Acha zenye lenzi za mbele zinazong'aa rangi nyekundu kama rubi. Zinapendeza kwa macho, lakini hurudisha nje mwanga unaouhitaji.

Ukishaipata, ituliza. Lala chali juu ya mkeka, au egemea mti. Njia nyingine ni kukata kijiti chenye panda, ukakisimamisha mbele yako na kuilaza darubini kwenye panda hiyo.

Boksi lisikudanganye

Darubini ya mrija mmoja yenye stendi ya miguu mitatu ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo inayowavunja moyo wengi. Boksi limeandikwa kwamba inakuza mara 500 au zaidi. Usiangalie namba hiyo. Kanuni inayotumika ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita. Yenye lenzi ya milimita 60 haiwezi kukuza kwa manufaa kupita mara 120. Ukizidisha hapo, unakuza ukungu.

Tatizo la pili ni stendi. Gusa mrija kwa kidole ukiwa dukani. Kama unatetemeka kwa sekunde nyingi kabla ya kutulia, gizani hutaona kitu.

Ukishazoea darubini ya macho mawili kwa miezi kadhaa na bado una hamu, weka akiba kwa ajili ya darubini ya kioo yenye upana wa milimita 130 hadi 150, inayokaa kwenye kitako kifupi cha mbao au ubao kinachozunguka. Haina urembo, lakini haitikisiki, na pesa yako inaingia kwenye kioo badala ya miguu na vitufe. Hiyo itakuonyesha pete za Zohali bila shida.

Kabla ya kununua, tafuta nafasi ya kutazama kwa darubini ya wengine. Nchini Kenya, Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamekuwa wakipeleka darubini kwenye shule, zikiwemo za vijijini. Nchini Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ameelimisha umma kuhusu anga kwa miaka mingi. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwatafuta watu kama hao kabla ya shule kutoa pesa zake.

Kulala nje: baridi, mbu na umande

Anayetaka kukesha na nyota anahitaji mahali pa kujilaza. Hema si lazima siku ya kwanza. Wakati wa kiangazi, turubai, kamba, mkeka na chandarua chenye dawa vinatosha. Usiache chandarua nyumbani: mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri, saa zilezile za kutazama nyota.

Baridi ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani mapema. Mtu aliyetulia akitazama juu hupoa haraka kuliko anayetembea. Ardhi nayo hunyonya joto la mwili, kwa hiyo kinachowekwa chini yako kina umuhimu sawa na blanketi la juu. Tandika turubai kuzuia unyevu, kisha godoro jembamba au magunia makavu, ndipo mkeka. Kwenye masoko ya mitumba, kama Gikomba mjini Nairobi na Karume jijini Dar es Salaam, majaketi mazito, soksi na kofia za sufi hupatikana kwa bei nafuu kuliko vifaa vipya vya kambi. Wanaoishi nyanda za juu, kama Njombe au Nyahururu, wavae kwa ajili ya baridi kali zaidi, hasa Juni na Julai.

Ukifikia kununua hema, kumbuka kwamba hema la "watu wanne" huwatosha watu wawili na mizigo yao. Chagua lenye kifuniko cha mvua kinachoshuka hadi karibu na ardhi, sakafu nzito isiyopitisha maji, na madirisha ya wavu. Lisimamishe uani kwanza, ulimwagie maji, uone yanapopenya.

Jambo moja halina mjadala. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama moto umebaki makaa tu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na waliolala huweza kufa bila kuamka.

Chagua mahali kabla jua halijazama

Sehemu ya wazi iliyoinuka kidogo ni nzuri kwa anga, na ukungu wa bondeni hauifikii haraka. Omba ruhusa ya mwenye shamba na umwarifu mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, au chifu kwa walioko Kenya. Tochi zinazozunguka mlimani usiku huwatia watu wasiwasi. Wanafunzi wawe na mwalimu na ruhusa ya wazazi.

Kaa mbali na kingo za mito na maziwa yenye viboko, maana usiku hutoka majini kwenda kula nyasi. Usilale ndani ya hifadhi bila kibali. Chakula kifungwe vizuri ili fisi wasivutwe, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa sababu nge hupenda kujificha humo. Kama mmewasha moto, fyekeni nyasi pembeni na muuzime kwa maji kabla ya kulala.

Jua si la kutazamwa

Darubini inayokusanya mwanga wa nyota hukusanya pia moto wa jua. Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, kunaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Darubini nyingine za bei nafuu huja na kichujio kidogo cha jua cha kufungwa kwenye kipande cha kutazamia. Kitupe, joto linaweza kukipasua wakati jicho lako liko pale.

Hili litakuwa na uzito hasa tarehe 2 Agosti 2027. Siku hiyo jua litafunikwa kabisa katika ukanda unaopita Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na kaskazini mwa Somalia, na Kenya na Tanzania zitaliona likifunikwa kwa sehemu. Filamu za eksirei, vioo vilivyopakwa masizi, santuri za CD na beseni la maji si kinga. Miwani ya kupatwa kwa jua iwe na alama ya kiwango cha ISO 12312-2, na hata hiyo haifai kuvaliwa huku ukitazama kwa darubini. Njia isiyo na gharama ni kulipa jua kisogo, kutoboa tundu dogo kwenye kadi, na kuacha mwanga upite hadi kwenye karatasi nyeupe. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani itachora vijua vilivyomegwa ardhini.

Mpangilio wa kununua

Kwa ufupi, pesa zitoke hivi: kwanza tochi yenye mwanga mwekundu na programu ya simu, pili, nguo za joto, turubai na chandarua, tatu, darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50, nne, hema, na mwisho kabisa, darubini kubwa ya kioo.

Ukiwa na vitatu vya kwanza, kazi ipo mwaka mzima. Kuanzia Novemba hadi Machi, jioni, tafuta Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wamekitumia tangu zamani kujua msimu. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba. Kwa darubini, makumi. Aprili hadi Julai, Msalaba wa Kusini husimama upande wa kusini. Juni hadi Septemba, Nge hupita juu, na karibu na mkia wake kuna vikundi viwili vya nyota vinavyopendeza sana. Mshtarii ikiwa angani, ituliza darubini yako kwenye panda ya kijiti na utazame pembeni mwake. Vinukta utakavyoviona vimejipanga mstari ni miezi yake mikubwa, ileile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610.