Faida za kumtumia wakala wa usafirishaji unapouza kahawa ng'ambo

Kwa miaka mingi mkulima wa kahawa nchini Kenya hakuwa na haja ya kujua jinsi zao lake lilivyofika ng'ambo. Alipeleka matunda mekundu katika kiwanda cha chama chake cha ushirika, kahawa ikakobolewa na kuuzwa katika mnada wa Nairobi, na tangu hapo ikawa mali ya mnunuzi. Mambo ya makontena, meli na forodha yaliachiwa kampuni kubwa zinazonunua mnadani.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka wa 2006, wakulima waliporuhusiwa kuuza kahawa moja kwa moja kwa wanunuzi wa nchi za nje. Nafasi hiyo imewavutia wenye mashamba ya wastani na vyama vya ushirika vinavyotamani bei bora. Hata hivyo, imewatwika pia mzigo wasiouzoea, yaani kuhakikisha kwamba kahawa waliyomwahidi mnunuzi imefika melini ikiwa salama, kwa wakati uliokubaliwa, na ikiandamana na hati zote. Hapo ndipo umuhimu wa wakala wa usafirishaji wa shehena unapojitokeza.

Wakala huyu ni nani?

Wakala wa usafirishaji asichanganywe na dalali wa kahawa. Dalali hutafuta mnunuzi na kujadili bei. Wakala wa usafirishaji hahusiki na bei ya kahawa. Kazi yake ni kuitoa shehena ghalani na kuifikisha mahali palipotajwa katika mkataba. Aghalabu hamiliki meli, na huenda hata lori hana. Anachouza ni ujuzi wake wa taratibu pamoja na uhusiano wake na kampuni za meli, wenye malori, maafisa wa forodha na wasimamizi wa bandari.

Kazi hii ina historia ndefu. Shirikisho la kimataifa la mawakala hao, FIATA, liliasisiwa mjini Vienna, Austria, mwaka wa 1926. Hapa nchini chama chao kinafahamika kama KIFWA. Anayeshughulikia mambo ya forodha kwa niaba ya mwingine hana budi kuwa na leseni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004.

Nani hulipia nini?

Kahawa nyingi huuzwa kwa masharti ya FOB. Maana yake ni kwamba muuzaji hugharimia safari hadi mzigo upakiwe melini, na kuanzia hapo gharama na hatari humwangukia mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi ndiye hulipia nauli ya baharini, na mara nyingi ndiye huteua kampuni ya meli.

Wapo wauzaji ambao, kwa kusikia hivyo, hudhani kwamba hawahitaji wakala. Hilo ni kosa. Sehemu ya safari iliyobaki mikononi mwa muuzaji, kutoka ghala la Nairobi, Thika au Nyeri hadi gati la Mombasa, ndiyo yenye hatua nyingi na makataa mafupi. Lazima kontena tupu lichukuliwe, lipakiwe, lipimwe, lisafirishwe kwa barabara au kwa reli ya kisasa iliyoanza kubeba mizigo mwaka wa 2018, na lifike bandarini kabla ya saa ambayo meli hufunga kupokea shehena. Likichelewa, huachwa lisubiri meli nyingine.

Kusubiri huko hakukosi gharama. Bandari hutoza ada ya kuhifadhi mzigo uliopitisha siku za bure, na kampuni ya meli hudai malipo ya kontena lililokaa kupita muda uliokubaliwa. Aidha, ikiwa mkataba ulitaja mwezi wa kupakia, mnunuzi anaweza kudai fidia. Wakala anayefuatilia ratiba za meli kila siku huweza kuyaepusha mengi ya haya.

Kontena linalofaa kahawa

Kontena la futi 20 kwa kawaida hubeba magunia 320 ya kilo 60, ambayo ni kilo 19,200 za kahawa isiyokaangwa. Kwa chama kidogo cha ushirika, hiyo yaweza kuwa sehemu kubwa ya mavuno ya msimu. Kontena moja likiharibika, familia nyingi hukosa malipo.

Adui mkubwa ni unyevu. Kahawa iliyokaushwa vyema huwa na unyevu wa takribani asilimia 10 hadi 12. Kontena likiondoka katika joto la Mombasa na kuingia katika baridi ya Ulaya, mvuke uliomo ndani hugeuka maji chini ya paa la chuma na kudondokea magunia. Kahawa hiyo hupata kuvu, nayo kahawa yenye kuvu hukataliwa hata kama iliondoka ikiwa ya daraja la AA.

Wakala mwenye uzoefu wa kahawa hulikagua kontena kabla ya kulikubali. Mtu huingia ndani, milango ikafungwa, kisha akatazama kama kuna mwanga unaopenya. Tundu linalopitisha mwanga litapitisha pia maji. Vilevile hunusa. Kahawa hufyonza harufu upesi, na kontena lililobeba ngozi, samaki au kemikali halifai hata kama limeoshwa. Baada ya hapo kuta hufunikwa kwa karatasi nzito, na vifuko vya kufyonza unyevu huning'inizwa ndani.

Kadhalika, tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa bahari zinataka uzito kamili wa kila kontena lililopakiwa uthibitishwe kabla ya kupandishwa melini. Bila taarifa hiyo, kontena haliruhusiwi kupakiwa.

Hati na malipo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya kahawa, hati ndizo hufungua mkoba wa mnunuzi.

Hati hizo ni kadhaa: ankara, orodha ya magunia, tamko la forodha, cheti cha asili cha Shirika la Kimataifa la Kahawa (ICO), cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Baadhi huombwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa TradeNet, nyingine kupitia mfumo wa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Kila moja ina utaratibu wake, na mara nyingine moja haitolewi mpaka nyingine ipatikane.

Iwapo malipo yanafanywa kwa barua ya dhamana ya benki, benki hailipii kahawa bali hulipia karatasi. Jina la mnunuzi likiandikwa tofauti, au idadi ya magunia isipolingana, benki ina haki ya kuzuia fedha. Isitoshe, kanuni za kimataifa za barua hizo za mwaka wa 2007 zinataka hati ziwasilishwe katika muda usiozidi siku 21 baada ya mzigo kupakiwa. Wakala hodari huzilinganisha hati hizo neno kwa neno kabla hazijafika benki.

Masharti ya nchi za wanunuzi nayo hayafanani. Marekani hutaka taarifa za shehena zitolewe kabla mzigo haujapakiwa katika bandari ya kigeni, na mamlaka yake ya chakula hutaka ilani kabla mzigo haujawasili. Muungano wa Ulaya hautozi ushuru kahawa isiyokaangwa, lakini hutoza iliyokaangwa. Anayeuza kahawa iliyokaangwa atanufaika na mkataba wa kibiashara baina ya Kenya na muungano huo, ulioanza kutekelezwa Julai 1, 2024, mradi tu athibitishe asili ya bidhaa yake.

Liko pia suala la misitu. Sheria ya Ulaya iliyopitishwa mwaka wa 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka ithibitishwe kwamba kahawa haikutoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na mahali hasa lilipo shamba paonyeshwe. Wakala hawezi kumpimia mkulima shamba lake. Hata hivyo, anaweza kuhakikisha kwamba shehena yenye taarifa hizo haichanganywi na nyingine njiani.

Njia inapobadilika

Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi kuepuka Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Safari za kwenda Ulaya zilirefuka na nauli zikapanda. Muuzaji aliyekuwa na wakala makini aliarifiwa mapema, akamjulisha mnunuzi na kurekebisha tarehe. Asiyekuwa na wakala aligundua mabadiliko hayo alipoulizwa kahawa iko wapi.

Tena, kwa kuwa wakala huhudumia wateja wengi, huweza kupata nafasi na nauli nafuu kuliko mtu anayepeleka kontena moja kwa mwaka. Mwenye magunia machache huweza kuunganishiwa shehena na wenzake. Lakini aulize kahawa yake itawekwa pamoja na bidhaa gani, maana kuichanganya na viungo au sabuni ni kuiharibu.

Yasiyo kazi ya wakala

Wakala hawezi kuigeuza kahawa mbovu kuwa nzuri. Wala asidhaniwe kuwa ni bima. Masharti yake ya kazi huwekea mpaka fidia anayoweza kulipa, na mara nyingi huwa ni ndogo kuliko thamani ya mzigo. Kwa sababu hiyo, safari ya kutoka ghalani hadi melini ikatiwe bima, na muuzaji asome ni hatari zipi zimeorodheshwa.

Jambo jingine ni kujua kama kampuni husika inafanya kazi kama wakala tu au kama msafirishaji mwenyewe. Wa kwanza hujibu kwa makosa yake katika kupanga safari. Wa pili huwajibika kwa safari yenyewe. Tofauti hiyo huonekana mzigo unapopotea.

Namna ya kumchagua

Kabla ya kutia sahihi, mkulima au chama cha ushirika kiulize maswali haya. Je, leseni ya forodha ya kampuni hii ni ya mwaka huu? Imewahi kusafirisha kahawa, na wateja wake wanaweza kuulizwa? Ina mshirika katika bandari ya mwisho, iwe ni Antwerp, Hamburg au kwingineko? Bei iliyotajwa inajumuisha nini, na ni ada zipi zitaongezwa baadaye? Nani atalipa kontena likichelewa, na kwa sababu gani?

Majibu yaandikwe. Ni bora pia kuomba bei kwa zaidi ya kampuni moja, bila kukimbilia ya chini kabisa, kwani ada iliyofichwa leo hujitokeza mzigo ukiwa tayari bandarini, wakati ambapo muuzaji hana tena uwezo wa kukataa.

Ada ya wakala ni gharama, na kila shilingi hukatwa katika malipo ya mkulima. Lakini ipimwe dhidi ya thamani ya magunia 320 yaliyolimwa, kuchumwa, kuoshwa na kuanikwa kwa muda wa mwaka mzima. Chama kinachoanza kuuza ng'ambo kingefanya vyema kumtafuta wakala kabla ya kukubaliana na mnunuzi tarehe ya kupakia, ili ahadi kitakayotoa iwe inaweza kutimizwa.