Ndagala, sambaza, chisense: samaki wadogo wenye majina mengi

Ku soko la Kenya mjini Lubumbashi, samaki wadogo wakavu wanapimwa kwa kopo, karibu na unga wa bukari. Mmoja anasema ndagala, mwengine kapenta, mwengine chisense. Ku Bukavu na Goma ni sambaza. Mnunuzi anaweza kufikiri ni samaki mmoja tu. Sivyo.

Hawa wote ni wa jamaa ya sardini wa bahari. Ndugu zao wa Afrika ya Magharibi bado wanaishi ndani ya mito na pale mito inapoingia baharini, ambapo maji matamu yanachanganyika na ya chumvi. Wataalamu wanasema mababu wa samaki hawa walitoka baharini, mamilioni ya miaka iliyopita.

Ziwa Tanganyika liko na aina mbili. Ya kwanza, Stolothrissa tanganicae, inafikia sentimita 10 hivi na inaishi karibu mwaka mmoja tu. Ya pili, Limnothrissa miodon, ni kubwa zaidi, na watoto wake wanakomalia karibu na kando ya ziwa. Chisense wa Ziwa Moero ni aina ingine, Microthrissa moeruensis.

Sambaza wa Kivu ni mtoto wa Tanganyika. Zamani, katikati ya Ziwa Kivu hakukuwa samaki wa namna hii. Mnamo mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji, Limnothrissa walitolewa Tanganyika na kutiwa mule. Miaka ya 1967 na 1968 wakapelekwa pia Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ndiyo maana kapenta wa Kariba na sambaza wa Bukavu ni ndugu kabisa.

Mchana samaki hawa wanashuka chini, usiku wanapanda juu kufuata vidudu vidogo sana wanavyokula. Kwa hiyo wavuvi wanatoka usiku na taa. Mwangaza unavuta vidudu, samaki wanakuja kwa makundi, kisha wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, na wavuvi wengi wanapumzika.

Asubuhi kazi inabaki kwa wanaokausha, wengi wao wamama. Jua likiwa kali, siku moja inaweza kutosha. Wakati wa mvua, samaki wanaoza au wanaota ukungu, na mtaji unapotea. Wakianikwa juu ya meza ya wavu kuliko chini, upepo unapita na mchanga haungii. Kwa jamaa isiyo na pesa ya nyama, faida ni kubwa: samaki analiwa mzima na mifupa yake, na mifupa ndiyo inaleta kalisi kwa mwili wa mtoto.

Lakini ziwa limechoka. Nyavu za matundu madogo sana, hata vyandarua vya mbu, zinabeba watoto wa samaki mbele hawajazaa. Tena maji ya Tanganyika yamepata joto. Maji ya juu yakiwa na joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha vidudu kinabaki kule chini.

Kwa sababu hiyo, Congo, Tanzania, Burundi na Zambia zilikubaliana kufunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika miezi mitatu kila mwaka, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilianza kufunga mwaka 2024. Kwa mvuvi wa Kalemie au Moba asiye na kazi ingine, miezi hiyo ni migumu. Lakini samaki anayeishi mwaka mmoja tu, akikosa nafasi ya kuzaa, hakuna mwaka wa pili wa kumngojea.

Kwa mnunuzi, jambo la kwanza ni kuuliza: samaki hawa wametoka ziwa gani? La pili ni kuangalia: wazuri wanang'aa, wamekauka hadi kuvunjika, hawana ukungu. Wale wadogo kama sindano ni mavuno ya kesho yaliyouzwa leo.