Kichwa, kinini na kuvu ya shambani

Bandugu, mimi niko mtu wa kilimo, siko munganga. Lakini historia hii ilianzia shambani, ndiyo maana naisimulia.

Nikiwa bado kwenye auditoire, kichwa kilianza kunishika upande mmoja. Mwangaza wa dirisha ulinichoma, harufu ya makala ilinitapisha. Kila mara jibu lilikuwa moja: malaria. Nilimeza kinini mpaka masikio yakalia. Kinini inatoka kwenye ganda la mti wa sinkona, ule uliolimwa hapa kwetu Kivu tangu wakati wa Wabelgiji. Ni dawa ya malaria kweli, ila yenyewe inaweza kuumiza kichwa! Na mimi malaria sikuwa nayo.

Siku moja mwalimu wa magonjwa ya mimea alituonyesha kuvu inayoshika segle, nafaka ya Ulaya, ndugu ya ngano yetu ya Lubero. Mahali pa mbegu panaota kitu cheusi kama pembe kidogo. Zamani, Wazungu waliokula mkate wa segle hiyo mishipa yao ya damu ilijibana, vidole na miguu vikaoza. Mwaka 1918, Arthur Stoll, mkemia wa Sandoz kule Basel, Uswisi, akatoa ergotamini ndani ya kuvu ileile. Miaka ya 1920 wakaanza kuitumia kwa migrene: kile kilichoozesha miguu kikatuliza kichwa. Pale ndipo nilijua maumivu yangu yana jina.

Ergotamini ilikuwa kali, ilitapisha watu. Dawa iliyo afadhali, sumatriptani, ilianza kuuzwa 1991 tu. Miaka karibu sabini, kwa ugonjwa ulio na watu zaidi ya miliari moja duniani! Juu ya nini? Kwa maoni yangu, juu kichwa hakiui. Kinaharibu tu siku, mitihani, kazi. Sindano mpya za kukinga zilitoka 2018, lakini bei yake si ya Goma.

Munganga mmoja aliniandikia propranololi, kidonge cha zamani cha moyo, na mashambulizi yakapungua. Hayakuisha. OMS iliweka sumatriptani kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2021, basi nikaenda kuitafuta. Nilizunguka farmasi tatu, hakuna. Kwenye ya tatu, dada aliyekuwa anauzisha alinipa parasetamoli, akaniuliza:

— Kaka, ulishapima malaria?