Kosa Linalolia na Kosa Linalonyamaza: Mwongozo kwa Anayejenga Tovuti Yenye Hifadhidata

Vijana wetu wa Pwani wanaosomea mambo ya kompyuta wanazidi kuongezeka. Wengine wako hapa hapa nyumbani, wengine wamepanda bara hadi Chuo Kikuu cha Moi, ambacho bewa lake kuu liko Kesses, nje ya Eldoret. Wengi wao hukwama mahali pamoja. Kurasa zinapendeza, rangi zimepangika, lakini tovuti ikitakiwa kuweka taarifa za watu na kuzitoa tena, mambo huharibika. Makala hii imekusanya matatizo yanayowapata wanaoanza, na dawa ya kila moja.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tovuti ndogo ya kuweka matokeo ya mbio za wanariadha wa Kaptagat. Kaptagat ni eneo la misitu na baridi nje ya Eldoret, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ndiko Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon walikofanyia mazoezi chini ya kocha Patrick Sang. Matokeo ya mbio yanajulikana na wengi, na ndani yake mna karibu kila mtego wa hifadhidata. Ukiijua mitego hiyo, orodha ya basari, ya wavuvi wa bandarini au ya wanachama wa chama haitakushinda.

Shika jambo moja kabla ya yote. Makosa ni ya aina mbili. Kuna kosa linalolia: ukurasa unakataa kufunguka na ujumbe unatokea. Hilo linaudhi, lakini halimdhuru mtu. Na kuna kosa linalonyamaza: ukurasa unafunguka vizuri, lakini kilichoandikwa humo si kweli. Hilo ndilo la kuogopwa, maana anayeumia ni mwenye jina lililoandikwa, naye hana habari.

Jua mnyororo wako

Tovuti ya aina hii ina pete tatu. Ya kwanza ni kivinjari cha msomaji. Ya pili ni programu yako iliyoko kwenye seva, mathalani iliyoandikwa kwa PHP. Ya tatu ni hifadhidata yenyewe, mathalani MySQL au ndugu yake MariaDB. Tatizo likitokea, usianze kubadilisha msimbo ovyo. Uliza kwanza ni pete gani iliyokatika.

Ukiona namba 404, seva inafanya kazi ila haikuipata faili uliyoitaja. Angalia jina na mahali ilipo. Ukiona 500, faili imepatikana lakini programu imeanguka katikati. Ukiona ukurasa mweupe mtupu, mara nyingi programu imeanguka na seva imeamriwa isionyeshe makosa. Fungua faili ya kumbukumbu za makosa ya seva, usome mstari wa mwisho. Ukiona msimbo wako wa PHP umeandikwa wazi kama barua, basi umeifungua faili kwa kuibofya kwenye folda. Faili ya PHP hufunguliwa kupitia seva, kwa anwani inayoanza na localhost.

Makosa yanayolia

MySQL hutaja kila kosa kwa namba. Jifunze kusoma namba kabla ya kusoma maneno.

*1045:* umekataliwa kuingia. Jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi. Kwenye kompyuta yako, ukiwa na XAMPP, mtumiaji huitwa root na nenosiri huwa tupu. Kwenye seva ya kulipia havitakuwa hivyo, kwa hiyo badilisha kabla ya kupandisha tovuti.

*2002:* hifadhidata haikupatikana kabisa. Huenda haijawashwa, au anwani ya seva si sahihi, au mlango wake namba 3306 umeshikwa na programu nyingine.

*1049:* umeingia, lakini hifadhidata uliyoitaja haipo. Mara nyingi ni herufi moja imekosewa.

*1146:* jedwali halipo. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa nyumbani lilikuwepo. Kwa kawaida MySQL kwenye Windows haitofautishi Wakimbiaji na wakimbiaji, lakini kwenye Linux hayo ni majedwali mawili. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza.

*1062:* unaingiza kitu ambacho tayari kipo mahali pasiporuhusu kurudiwa. Usikimbilie kuondoa kizuizi. Uliza kwanza kwa nini taarifa inaingia mara mbili. Pengine mtu amebofya kitufe cha kutuma mara mbili kwa sababu intaneti ilikuwa nzito.

*1064:* sarufi ya ulizo lako la SQL imevunjika. Hili linatupeleka kwenye mtego unaotuhusu sisi watu wa Kiswahili kuliko wengine.

Ritifaa ya Mung'aro

SQL hufunga maneno kwa alama ileile tunayoiita ritifaa. Ukimwandika mkimbiaji 'Kipchoge', hakuna shida. Ukimwandika 'Mung'aro' au 'Ng'ang'a', kompyuta hudhani jina limeishia kwenye ritifaa ya katikati, na herufi zilizobaki haizielewi. Ndipo huja 1064.

Anayejaribu kwa majina ya John na Mary hataliona kosa hili. Litatokea siku ya kazi, na kwa watu fulani tu: Mgiriama mmoja, Mkikuyu mmoja, wengine wote wamepita. Kama ni orodha ya basari, mtoto amekosa karo kwa sababu ya alama moja ndani ya jina la babake.

Baadhi ya wanaoanza huiondoa ritifaa. Hiyo si dawa, ni kumbadilisha mtu jina. Dawa ni ulizo lililoandaliwa, ambalo PHP hulitoa kupitia PDO au mysqli. Unaandika ulizo likiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha jina unalipeleka peke yake. Kwa njia hiyo jina haliwezi kugeuka amri. Faida yake ya pili ni kubwa zaidi: mwizi hataweza kuandika amri za SQL ndani ya kisanduku cha jina na kuiba au kufuta jedwali lako zima.

Muda ulioandikwa kama maneno

Mwaka 2012, mjini Lille, Kipchoge alikimbia nusu marathoni kwa 59:25. Tuseme kuna mwingine aliyemaliza kwa 1:00:50. Ukiweka muda huo kwenye safu ya maneno na kuamuru upangwe, kompyuta itaanza na 1:00:50, kwa sababu herufi 1 hutangulia herufi 5. Aliyechelewa atakuwa wa kwanza, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea.

Weka muda kama namba nzima. 59:25 ni sekunde 3,565, na 1:00:50 ni sekunde 3,650. Kwa mbio fupi tumia sehemu za mia za sekunde: Kipyegon alipokimbia mita 1,500 jijini Paris mwaka 2024 kwa 3:49.04, hizo ni sehemu 22,904. Muonekano wa saa na dakika utaurudisha wakati wa kuonyesha.

Namba peke yake nayo haitoshi. Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, lakini muda huo hautambuliwi kuwa rekodi kwa sababu ya jinsi mbio zenyewe zilivyopangwa. Tarehe 8 Oktoba 2023, jijini Chicago, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kwa 2:00:35, na hiyo ikawa rekodi ya dunia. Ukiiuliza hifadhidata muda mdogo kuliko wote, itakupa Vienna na kumnyima Kiptum haki yake. Ongeza safu inayosema kama matokeo yanatambuliwa. Kompyuta haijui jambo usiloiandikia.

Jina si ufunguo

Robert Kipkoech Cheruiyot alishinda marathoni ya Boston mara nne, ya mwisho mwaka 2008. Mwaka 2010 mbio hizo hizo zilishindwa na Robert Kiprono Cheruiyot. Ni watu wawili. Tovuti inayomtambua mtu kwa jina la kwanza na la ukoo ingewafanya mtu mmoja mwenye ushindi mara tano. Hapa Pwani hatuhitaji kwenda mbali: hesabu akina Ali Mohamed mtaani kwako.

Mpe kila mtu namba yake isiyobadilika, na iwe ndiyo ufunguo wa jedwali. Vilevile tenganisha sifa za mtu na sifa za tukio. Lornah Kiplagat, aliyeshinda mbio za nyika za dunia za wanawake hapa Mombasa mwezi Machi 2007, siku hiyo aliikimbilia Uholanzi, ingawa alizaliwa Kenya. Ukiweka nchi kwenye jedwali la watu, utakosea ama matokeo yake ya zamani ama ya baadaye. Nchi ikae kwenye jedwali la matokeo.

Herufi, saa, simu na nenosiri

*Herufi za Kiarabu zimegeuka alama za kuuliza.* Matoleo ya MySQL kabla ya 8.0 yalianza na usimbaji wa latin1, usiojua Kiarabu. Tumia utf8mb4 kwenye hifadhidata, kwenye majedwali na kwenye muunganisho wa programu yako. Fanya hivyo mapema: jina likishahifadhiwa kama alama za kuuliza, halirudi tena.

*Tarehe imerudi nyuma siku moja.* Seva nyingi hufuata saa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Kilichoandikwa saa saba na nusu usiku kitahesabiwa cha jana. Hifadhi kwa UTC, kisha geuza kuwa saa za Nairobi unapoonyesha.

*Sifuri ya simu imepotea.* Namba ya simu inayoanza na 07 au 01 ikiwekwa kama namba, sifuri huanguka. Simu haijumlishwi wala haigawanywi, basi iweke kama maneno.

*Nenosiri sahihi linakataliwa.* Nenosiri halihifadhiwi wazi, hugeuzwa kwa password_hash. Matokeo yake ya kawaida ni herufi 60. Safu ya herufi 50 itayakata kimya kimya kwenye mpangilio usio mkali, na hakuna atakayeweza kuingia. Ipe safu nafasi ya 255. Anayeweka manenosiri wazi akumbuke kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka mwenye taarifa za watu azilinde.

Amri isiyo na mipaka

Ukitaka kumsahihishia mkimbiaji mmoja muda wake, unatumia UPDATE pamoja na WHERE inayomtaja. Ukisahau WHERE, wakimbiaji wote wa jedwali watapata muda huo huo, na MySQL itakujibu kwamba kazi imekwenda vizuri. Kwa hiyo andika WHERE yako kwanza ndani ya SELECT, uone ni mistari mingapi inayorudi. Ikiwa ni mmoja, ndipo ubadilishe. Na kila siku chukua nakala ya akiba kwa mysqldump, uiweke mbali na seva hiyo. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu kuirudisha usiihesabu kuwa ni nakala.

Kabla hujawaita watu

Jaza jedwali lako kwa taarifa ngumu, usijaze za kubuni zilizo nyepesi. Weka Mung'aro. Weka akina Cheruiyot wawili. Weka jina moja kwa herufi za Kiarabu, simu inayoanza na sifuri, muda wa 59:25 pamoja na 1:00:50, na tukio moja la saa saba na nusu usiku. Kisha soma ukurasa wako mstari kwa mstari, ukilinganisha na karatasi. Kazi hiyo haizidi saa moja, nayo hulifanya kosa lililonyamaza lilie mbele yako wewe, kabla halijamlia mwenye jina.