Utafutaji wa hatua katika programu za sataranji

Utafutaji wa hatua ni kazi kuu ya programu ya kompyuta inayocheza sataranji (pia: chesi). Programu huchunguza hatua zinazowezekana, majibu ya mpinzani, kisha majibu ya majibu hayo, ili kuchagua hatua iliyo bora. Nguvu ya utafutaji huonekana zaidi pale ambapo kete zinaliwa, mfalme anatishiwa na kosa moja linaweza kumaliza mchezo. Katika mapambano ya namna hiyo programu za leo huwashinda hata mabingwa wa dunia. Hata hivyo kuna hali ambazo mwanadamu aliona ushindi huku programu za wakati wake zikipita pembeni, na sababu yake imo katika njia zilezile zinazozipa programu nguvu.

Mti wa hatua

Mwaka 1950 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha makala kuhusu namna ya kuifanya kompyuta icheze sataranji. Alikadiria kwamba katika hali ya kawaida mchezaji ana hatua 30 hivi za kuchagua. Kila hatua ina majibu 30, na kila jibu lina majibu yake, hivyo uchunguzi hupanuka kama mti wenye matawi. Kwa hatua 6 tu, 3 za kila upande, ncha za mti hufikia milioni 729.

Kila ncha hupewa alama. Hesabu ya msingi ni ya kete: askari 1, farasi au askofu 3, ngome 5, malkia 9. Juu yake huongezwa mambo kama usalama wa mfalme na mpangilio wa askari. Kisha programu hurudi kutoka kwenye ncha hadi shinani ikifuata kanuni moja: zamu ikiwa yangu ninachagua alama kubwa kuliko zote, zamu ikiwa ya mpinzani atachagua inayoniumiza zaidi. Utaratibu huu huitwa minimaksi.

Kukata matawi

Sehemu kubwa ya mti haina haja ya kutazamwa. Tuseme programu imekwisha kugundua kwamba hatua ya kwanza inaiacha katika hali ya usawa. Inapochunguza hatua ya pili, inakuta kwamba jibu moja la mpinzani linakula malkia bure. Majibu mengine 29 hayana maana tena, kwa kuwa hatua ya pili imekwisha kukataliwa; kujua kama imekataliwa kwa kishindo zaidi hakusaidii kitu. Njia hii huitwa alfa-beta, na uzuri wake ni kwamba haibadilishi jawabu la minimaksi hata kidogo. Ikiwa hatua bora hutazamwa kwanza kila mara, zile ncha milioni 729 hupungua hadi 54,000 hivi.

Sharti ni hilo la mpangilio. Hatua mbaya zikitangulia, alfa-beta haiokoi chochote. Kwa hiyo programu huanza na hatua za kula, hasa kete ndogo inapokula kubwa, kisha hatua zilizowahi kukanusha mbinu za mpinzani mahali pengine katika mti. Pia hutafuta kwa kina cha hatua 1, halafu 2, halafu 3, na kuendelea. Inaonekana kama kurudia kazi, lakini kila mzunguko huonyesha ni hatua ipi itazamwe kwanza katika mzunguko unaofuata. Matokeo huwekwa katika jedwali la kumbukumbu, kwa sababu hali moja huweza kufikiwa kwa njia nyingi tofauti.

Tatizo la upeo

Programu inayosimama kwenye kina maalumu ni kama mtu anayesoma barua akaacha katikati ya sentensi. Tuseme hatua ya mwisho aliyoitazama ni malkia kula askari. Hesabu inasema: nimepata alama 1. Hatua inayofuata, ambayo haikutazamwa, ni askari mwingine kumla malkia huyo. Faida ya 1 imekuwa hasara ya 8.

Hans Berliner, mtafiti wa Marekani aliyekuwa pia bingwa wa dunia wa sataranji kwa njia ya posta, alilieleza tatizo hili katika miaka ya 1970. Alionyesha pia sura yake ya pili, ambayo huchekesha kidogo: programu inayoona kwamba itapoteza kete hutoa kafara kete nyingine ndogondogo ili kuisukuma hasara hiyo nje ya upeo wake. Hasara inabaki palepale, na kafara zimekwenda bure.

Dawa yake ni kutotoa alama mpaka hali itulie. Alan Turing wa Uingereza alikuwa na wazo hilo mapema, katika programu aliyoiandika kwenye karatasi na kuiendesha kwa mkono. Programu za kisasa zikifika mwisho wa kina kilichopangwa huendelea kufuata hatua za kula, na mara nyingine za kumtishia mfalme, hadi pasiwe na cha kuliwa kwa faida.

Kurefusha na kufupisha

Si kila tawi linastahili kina kilekile. Mfalme akitishiwa, majibu halali huwa machache, kwa hiyo kwenda mbele zaidi hakugharimu sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa mashine Deep Thought katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliongeza kanuni nyingine: ikiwa hatua moja ni bora kwa mbali kuliko nyingine zote, tawi lake lirefushwe, kwa sababu kila kitu kinaitegemea.

Upande wa kufupisha ndio wenye hatari. Hatua zilizo mwishoni mwa orodha hutazamwa kwa kina kidogo, na hurudiwa kwa kina kamili pale tu zinapoleta matokeo yasiyotarajiwa. Njia nyingine ni kumwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo: ikiwa hata hivyo hali yangu ni nzuri mno, tawi hukatwa. Njia hii hukosea katika hali ambazo kulazimika kucheza ndiko kunakomponza mchezaji, jambo linalotokea hasa mwishoni mwa mchezo, kete zikiwa chache. Tofauti na alfa-beta, ufupishaji wa aina hizi ni kubahatisha. Mara nyingi hulipa, mara chache huficha hatua ya ushindi.

Mifano kutoka michezo halisi

Mwezi Mei 1997 mashine Deep Blue ya IBM, iliyoweza kuchunguza hadi hali milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5 mjini New York. Katika mchezo wa pili Kasparov alikubali kushindwa baada ya hatua ya 45 ya mashine. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba alikuwa na njia ya kupata sare, kwa kumtishia mfalme mweupe mfululizo kwa malkia. Mashine iliyokuwa na kasi ile yote ndiyo iliyouacha mwanya huo, na mwanadamu naye hakuuona.

Mfano mashuhuri zaidi ni mchezo wa Veselin Topalov na Alexei Shirov uliochezwa Linares, Hispania, mwaka 1998. Kila mmoja alibakiwa na askofu mmoja, wa rangi tofauti, hali ambayo huishia sare mara nyingi hata kama upande mmoja una askari zaidi. Katika hatua ya 47 Shirov, aliyekuwa mweusi, alimpeleka askofu wake h3, mahali ambapo angeliwa bure na askari. Alichotaka ni nafasi moja tu: mfalme wake awahi kufika e4 kabla ya mfalme mweupe kuziba njia. Topalov alimla askofu, kisha akala askari mmoja pia. Baada ya hatua ya 53 ya Shirov alikubali kushindwa, kwa kuwa askofu mmoja hakuweza kuwazuia askari wawili weusi wanaosindikizwa na mfalme.

Kwa miaka mingi hatua hiyo ilitumiwa kupima programu, nazo zilishindwa kuichagua. Kutoka hatua ya 47 hadi 53 ni hatua 13 za pande zote mbili, na hata hapo hakuna askari aliyekwisha kugeuka malkia. Mweusi hali kitu wala hamtishii mfalme baada ya kafara, anatembea tu. Kanuni ya kufuata hatua za kula haisaidii, hesabu ya kete inaonyesha hasara, na ufupishaji hulikata tawi mapema.

Mitandao ya neva

AlphaZero ya kampuni ya DeepMind, iliyotangazwa Desemba 2017, ilifuata njia nyingine. Ilichunguza makumi ya maelfu tu ya hali kwa sekunde, wakati Stockfish ilichunguza makumi ya milioni, lakini mtandao wake wa neva uliochagua matawi ulikuwa umejifunza kwa kucheza dhidi yake wenyewe. Udhaifu wa njia hiyo uko katika mbinu kali: kafara ambayo mtandao hauitarajii huweza kubaki bila kutazamwa. Stockfish ilichanganya njia zote mbili katika toleo la 12 la Septemba 2020, kwa kuacha alfa-beta itafute na mtandao mdogo wa neva utoe alama.