Poka: Anayeanza anapaswa kujua nini kabla ya kuweka dau?

Katika mwambao wa Rumonge, kusini mwa Burundi, kazi ya uvuvi hufuata mwezi. Wavuvi wa ndagala huingia Ziwa Tanganyika usiku wakiwa na taa, kwa kuwa samaki hao huvutwa na mwanga gizani. Mbalamwezi inapokuwa pevu, taa hupoteza nguvu yake, mitumbwi hubaki ufukweni kwa siku kadhaa, na watu waliozoea kukesha majini huwa hawana la kufanya. Siku kama hizo ndizo zinazofaa kwa karata.

Miongoni mwa michezo ya karata inayotajwa zaidi duniani ni poka. Wengi wameiona katika filamu au katika simu zao, lakini ni wachache waliowahi kuelezwa kanuni zake kwa utulivu. Kiswahili chenyewe kinatoa tahadhari ya kwanza: neno dau lina maana ya chombo cha majini, na pia mali inayowekwa mchezoni. Mvuvi anayeanza kujifunza poka hana budi kuvitenganisha viwili hivyo.

Jina moja, michezo miwili

Kwanza ni vyema kuondoa utata wa jina. Nchini Kenya, vijana wengi huita poka mchezo ambao kila mchezaji hujitahidi kumaliza karata zake kabla ya wenzake, akitupa karata inayolingana na ile iliyo juu. Uganda ina mchezo wa jamii hiyohiyo unaoitwa matatu. Huo ni mchezo mzuri, lakini si poka inayozungumzwa hapa.

Poka ya asili ya Marekani haina mashindano ya kumaliza karata. Wachezaji hushindania fungu la dau lililowekwa katikati ya meza. Wanahistoria wengi hulihusisha jina lake na mchezo wa Kifaransa ulioitwa poque. Mwanzoni mwa karne ya 19 mchezo huo ulichezwa New Orleans, kisha ukapanda mto Mississippi pamoja na abiria wa meli za mvuke. Wakati huo zilitumika karata 20 tu. Pakiti ya karata 52 ilikuja baadaye. Namna inayochezwa zaidi leo huitwa Texas Hold'em, na ndiyo inayoelezwa katika makala haya.

Majina ya karata

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na msamiati wa karata wa miaka mingi, ambao sehemu yake kubwa ulitoka kwa Wareno: kopa, uru, shupaza na pau, pamoja na neno karata lenyewe. Karata ya picha ni ghulamu, bibi na mfalme. Pakiti ya Kiingereza huziandika kwa herufi J, Q na K, ilhali pakiti ya Kifaransa, ambayo Mrundi anaweza kukutana nayo, huandika V, D na R. Karata yenye alama moja ni ree, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa inaruhusiwa pia kutangulia mbili, tatu, nne na tano.

Neno jingine la Kireno, turufu, halina kazi hapa. Katika poka hakuna turufu, na aina zote nne zina hadhi sawa. Aliyekulia kwenye michezo ya turufu hukosea hapo mara nyingi, akidhani shupaza yake ndogo itaimeza kopa kubwa.

Kipi kinashinda kipi?

Mshindi huamuliwa kwa karata tano, ambazo kwa pamoja huitwa mkono. Pakiti ya karata 52 inaweza kutoa mikono 2,598,960, na kanuni ya kuipanga ni rahisi: kadiri mkono ulivyo adimu, ndivyo unavyopewa daraja la juu.

Zaidi ya nusu kidogo ya mikono hiyo, 1,302,540, haina chochote. Thamani yake ni ya karata iliyo kubwa kuliko nyingine. Juu yake iko jozi moja, yaani karata mbili za namba moja, ambayo hutokea katika mikono 1,098,240. Hufuata jozi mbili, kisha karata tatu za namba moja. Baada ya hapo ni mfululizo, kwa mfano tano, sita, saba, nane na tisa za aina yoyote. Kisha karata tano za aina moja zisizofuatana. Mkono wa tatu kwa mbili, yaani karata tatu za namba moja pamoja na jozi, huzishinda hizo zote. Karata nne za namba moja hutokea mara 624 tu. Kileleni uko mfululizo wa aina moja, na ulio bora kabisa, kuanzia kumi hadi ree, unapatikana kwa namna nne tu.

Hesabu hii ina manufaa kwa anayeanza. Mikono tisa kati ya kila kumi ama haina kitu ama ina jozi moja. Anayesubiri mikono mikubwa ya kwenye filamu atasubiri sana.

Mzunguko wa mchezo

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kabla ya hapo, wawili walioketi upande wa kushoto wa mgawaji huwa wamekwisha kuweka dau la lazima, la pili kwa kawaida likiwa maradufu ya la kwanza, ili pawepo kitu cha kugombaniwa. Baada ya kila mchezo nafasi ya mgawaji huhama, hivyo mzigo huo humfikia kila mmoja.

Zamu inapomfikia, mchezaji ana njia tatu: kutupa karata zake na kukaa pembeni, kulingana na dau lililopo, au kulipandisha. Ikiwa hakuna aliyeweka kitu katika duru hiyo, anaweza kupita bila kulipa. Duru ya kwanza ikimalizika, karata tatu hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote. Hufuata duru nyingine ya dau, karata ya nne, duru nyingine, karata ya tano, na duru ya mwisho. Waliobaki huonyesha karata zao, na kila mmoja huunda mkono wake bora wa karata tano kutokana na saba: mbili zake na tano za mezani.

Wote wakitupa isipokuwa mmoja, huyo huchukua fungu bila kuonyesha chochote. Kutokana na kanuni hiyo fupi ndipo ghiliba, ambayo ni sifa kuu ya poka, ilipozaliwa: mtu mwenye karata dhaifu hupandisha dau kwa ujasiri ili wenzake wakimbie. Hata hivyo, ghiliba hiyo humgharimu sana anayeanza, kwa kuwa haimtishi mpinzani asiyejua kutupa karata, na meza ya wanafunzi imejaa watu wa namna hiyo.

Somo la kutupa karata

Kwa maoni ya mwandishi, mpangilio wa mikono unaweza kukaririwa jioni moja. Kinachohitaji mazoezi ni kujua lini dau linastahili kulipwa. Chukua maharagwe badala ya fedha, na mfano ufuatao.

Mchezaji ana ree na tisa za shupaza. Mezani kuna mfalme wa shupaza, nne ya shupaza, saba ya uru na mbili ya kopa. Amebakiza karata moja tu ya kufunuliwa, naye anahitaji shupaza ya tano. Tuchukulie kwamba akiipata atashinda, na akiikosa atashindwa. Karata asizoziona ni 46, na kati yake shupaza ni tisa.

Katika fungu kuna maharagwe 20. Mpinzani anaweka 10, na fungu linakuwa 30. Je, alipe 10? Fikiria hali hiyohiyo ikijirudia mara 46, kila karata ikitokea mara moja. Atashinda mara tisa na kupata maharagwe 270. Atashindwa mara 37 na kupoteza 370. Kulipa kunamfilisi polepole, hata kama leo shupaza itatokea na wenzake wakampigia makofi. Lakini mpinzani angeweka maharagwe manne tu, fungu lingekuwa 24: ushindi wa mara tisa ungeleta 216, na hasara ya mara 37 ingekuwa 148. Hapo inafaa kulipa. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni bei.

Fedha inapoingia mezani

Maharagwe yakibadilishwa kuwa faranga, hesabu haibadiliki, ila matokeo yake huingia nyumbani. Poka haizalishi kitu: anachochukua mmoja kimetoka kwa mwingine, na kasino nyingi hukata sehemu yao katika kila fungu. Mwaka 2003 mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia intaneti, alishinda ubingwa wa dunia mjini Las Vegas na dola milioni 2.5. Habari yake iliwavuta watu wengi mno mchezoni. Isiyosimuliwa sana ni kwamba wachezaji walikuwa 839, na nafasi moja ilikuwa na thamani ya dola 10,000.

Kwa Waislamu, ambao ni sehemu ya wakazi wa Rumonge tangu zama za misafara ya biashara, kamari imekatazwa waziwazi katika sura ya Al-Maida. Kwao na kwa wengine wasiotaka kuhatarisha riziki, maharagwe yanatosha kabisa kujifunzia hesabu na subira ya mchezo huu.

Ipo pia kanuni moja ambayo aghalabu husahaulika kwenye meza za nyumbani. Katika poka, mchezaji hucheza kwa kile tu kilichokuwa mbele yake mchezo ulipoanza. Haruhusiwi kuingiza mkono mfukoni katikati ya mchezo, wala kuahidi malipo ya usiku ujao wa uvuvi. Dau likizidi alichonacho, huweka chote kilichobaki na kuendelea kuwa na haki ya kushindania sehemu ya fungu inayolingana na mchango wake. Ziada hutengwa kando, na kugombaniwa na wengine peke yao. Hakuna anayeweza kumfukuza mchezoni kwa kuwa ana kidogo, na hakuna anayeweza kumdai zaidi ya kilichokuwa mezani.