Machungwa ya Malindi

Shuleni Vasco da Gama alikuwa swali la alama moja: alifika Malindi mwaka gani? 1498, umepata, songa mbele. Walikula nini huko baharini, hakuna aliyeuliza. Kwangu mimi, stori yenyewe iko hapo.

Wareno walibeba chakula cha kukaa: biskuti ngumu, nyama ya chumvi. Kilishibisha, lakini hakikuzuia kiseyeye. Kabla hata ya kufika kwetu, fizi za mabaharia zilivimba hadi zikafunika meno, wakashindwa kula. Aprili 1498 wakatia nanga Mombasa. Sultani akawatumia kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na wagonjwa wakapona. Shajara ya safari hiyo ipo hadi leo, na mwandishi wake anashukuru hewa nzuri ya Mombasa. Hewa! Machungwa hayakupata hata asante.

Malindi walipewa rubani, pepo za kusi zikawasukuma hadi India kwa siku zisizofika 30. Kurudi ndiko kulikowaua. Da Gama hakungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, upepo ukiwa bado haujageuka, na bahari ileile ikamla karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani. Kila meli ilibaki na watu saba au wanane wa kufanya kazi.

Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, waliomba machungwa. Yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamezidiwa, wakafia pale pale. Safari hii mwandishi akailaumu hewa. Siku chache baadaye wakaichoma meli yao moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Manahodha wa majahazi yetu walijua hesabu hii kitambo. Unaanza na upepo, upepo unakupa siku, siku zinakupa magunia ya mchele, tende, papa mkavu na mapipa ya maji. Ukikosea upepo, hakuna bajeti ya chakula itakayokuokoa.

Leo watalii wanapiga picha kwenye nguzo ya Da Gama pale Malindi. Waliochuma yale machungwa hawana hata kibao. Kwa hivyo mkipanga kutoka na boti, kabla ya kubishana nani analeta nyama, muulizeni nahodha upepo ukoje. Halafu bebeni machungwa.